Kuvua trauti kwa nzi bandia mwishoni mwa majira ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayevua trauti kwa fimbo na nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu au chakula kingine cha samaki, kwenye vijito na mito midogo ya milimani, wakati theluji ingali kingoni lakini siku zimeanza kurefuka. Kaskazini mwa dunia huo ni mwezi wa Februari na Machi. Kusini ni Agosti na Septemba. Kama una muda wa kusoma swali moja tu, soma lile la theluji inayoyeyuka.

Kwani trauti anakula kweli kwenye maji ya baridi hivyo?

Anakula, ila kwa hesabu. Mwili wa trauti hauna joto lake wenyewe. Unafuata joto la maji. Maji yakipoa, mmeng'enyo wa chakula nao unapungua kasi, na mlo mdogo unamtosha kwa muda mrefu. Hatoki mbio kufukuza kitu ambacho kitamla nguvu kuliko kitakavyomshibisha. Anakaa chini, anasubiri mkondo umletee, na kikipita shibiri mbili kando yake anakiacha kiende.

Wapo wanaodhani samaki huzubaa kwa kukosa hewa. Katika kijito kinachotiririka ni kinyume chake. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 0 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 20 yanabeba kama 9 tu. Milimani kiasi hicho hupungua kidogo kwa sababu ya mwinuko, lakini pumzi si tatizo lake wakati wa baridi.

Maji yawe na joto gani ndipo nianze kuvua?

Chini ya nyuzi 4 tarajia kazi ngumu. Kati ya 5 na 7 mambo huanza kuchangamka, wadudu na samaki pamoja. Trauti hustarehe zaidi kati ya nyuzi 10 na 16, lakini hayo ni maji ya miezi ijayo, usiyatafute sasa.

Hata hivyo namba peke yake inadanganya. Jambo la kuangalia ni maji yanaelekea wapi. Maji yaliyopanda kutoka 3 hadi 5 tangu asubuhi yatakupa samaki kuliko yaliyoshuka kutoka 7 hadi 5, ingawa ukitumbukiza kipimajoto wakati huo utasoma kitu kilekile. Kwa hiyo pima ukifika, pima tena adhuhuri, na uandike. Kipimajoto kizamishe mahali penye mkondo na kivuli, kiache kwa dakika mbili, ukisome kikiwa bado majini. Ukipima kwenye maji ya kina kifupi yaliyopigwa na jua ukingoni, umepima jua.

Niende saa ngapi?

Saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alfajiri ina sifa yake wakati wa kiangazi, lakini katika msimu huu utaganda vidole bure, kwani maji huwa baridi zaidi karibu na mapambazuko. Angalia pia bonde linatazama wapi. Bonde jembamba linaweza kupata jua saa mbili tu kwa siku, na saa hizo mbili ndizo siku yako yote.

Jua limewaka na theluji inayeyuka. Si ndiyo siku nzuri hiyo?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Wewe umevua koti, ndege wanaimba, na samaki wamefunga mdomo. Sababu ni kwamba theluji inayoyeyuka hutoa maji yaliyo karibu na nyuzi 0, na maji hayo yote yanaingia kijitoni. Jua linapasha moto hewa na mawe, ila kijito chenyewe kinamwagiwa baridi kutoka pande zote mbili za bonde. Unaweza kuona joto la maji likipanda vizuri hadi saa saba, kisha likaanza kushuka wakati hewa ndiyo kwanza inafikia kilele chake.

Maji hayo hayafiki papo hapo. Yanapita ndani ya theluji, chini ya udongo, kwenye mifereji midogo, na kadiri theluji ilivyo mbali juu mlimani ndivyo yanavyochelewa. Ndiyo maana kijito kinaweza kuwa safi adhuhuri kikachafuka saa kumi. Chagua jiwe moja lililochomoza ukingoni ulipofika, utie akilini maji yanaligusa wapi, halafu ulitazame kila baada ya muda. Jiwe likianza kuzama, majani makavu na vijiti vikianza kuelea katikati ya mkondo, na rangi ya maji ikianza kufifia, muda wako unaisha. Ukipenda kuendelea, hamia juu ya mahali pale kijito kidogo chenye maji ya theluji kinapoingilia, au nenda penye chemchemi.

Siku ninayoipenda mimi ni ya mawingu, isiyo na upepo, yenye hewa ya nyuzi 4 au 5 baada ya usiku usioganda sana. Maji hayapandi kwa kishindo, lakini hayaporomoki pia.

Kuna usiku mwingine unaosaidia, ule wa baridi kali unaofunga theluji. Asubuhi yake maji hushuka na kuwa maangavu, na ukisubiri jua lifike mtoni utapata saa mbili tatu nzuri kabla myeyuko haujaanza upya.

Trauti wanakaa wapi wakati huu?

Sahau maji ya mbio yanayoruka juu ya mawe, yale ambayo miezi ya joto hutoa samaki kila hatua. Sasa wamehamia penye kina na mwendo wa taratibu: katikati na mkiani mwa vidimbwi, upande wa ndani wa kona, nyuma ya miamba mikubwa, chini ya kingo zilizoliwa na maji. Kipimo changu rahisi ni hiki: ikiwa povu linaelea polepole kuliko mtu anayetembea bila haraka, na chini hupaoni vizuri, hapo pana haja ya kujaribu.

Kidimbwi chenye kina lakini maji yamesimama kabisa huwa hakina faida kubwa. Samaki anataka mkondo wa kutosha kumletea chakula, usiomlazimisha kupiga mkia. Kwa hiyo tafuta mpaka wa mikondo miwili, pale maji ya kasi yanapojikwaruza na ya polepole, kisha uvue upande wa polepole, karibu kabisa na sakafu ya mto.

Habari njema ni kwamba wanakusanyika. Mita mia za kijito zinaweza kuwa tupu, na kidimbwi kimoja kikawa na samaki waliojipanga kama abiria wanaongoja basi. Ukipata mmoja, usiondoke. Pumzisha maji kidogo, rudia mstari uleule, kisha sogeza urushaji wako kwa upana wa kiganja tu.

Chemchemi zina hadithi yake. Maji yanayotoka ardhini hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa mahali hapo, hivyo mwishoni mwa baridi yanaweza kuwa ya nyuzi kadhaa juu ya mto wenyewe. Utayatambua kwa mimea iliyobaki kijani, ukingo usio na theluji wakati kila mahali ni nyeupe, au mvuke unaofuka asubuhi. Mto ulio chini ya bwawa lenye kina nao una tabia hiyo, kwa kuwa maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, hivyo hukaa sakafuni mwa bwawa, na ndiyo yanayotolewa ikiwa mlango uko chini. Nyuzi 4 si joto la kujivunia, lakini jirani yake kuna mto wenye nyuzi 1.

Trauti wachanga hawaonekani kabisa mchana wa baridi. Hujipenyeza katikati ya mawe na kutoka usiku. Usihukumu kijito kuwa kimekufa kwa sababu huoni vidagaa vikikimbia mbele ya miguu yako.

Asubuhi naona vipande vya barafu laini vikielea, hata sakafu ya mto imeganda. Ni nini?

Usiku mkavu wenye anga wazi, maji ya mbio yanaweza kupoa chini kidogo ya kiwango cha kuganda bila kuwa barafu. Kisha chembe ndogo za barafu huanza kujitengeneza ndani ya maji yenyewe, zinagandamana, na nyingine zinashika mawe ya chini. Jua likija, barafu ile ya chini inaachia na kuelea juu, mara nyingi ikibeba changarawe na wadudu. Wakati inapita, uzi wako utanasa kila mrusho. Kunywa chai. Ikishapita, samaki mara nyingi huwa macho.

Kuna wadudu gani wakati huu?

Wa kwanza ni visubi wasiouma, jamii ya Chironomidae. Hawa wapo baridi yote, na trauti wa majira haya huishi kwa kuwategemea. Ni wadogo mno, wengine urefu wao milimita tatu au nne, na samaki huwala zaidi wakiwa bado lava na pupa kuliko wakiwa na mabawa.

Wa pili ni plekoptera, wadudu wanaokulia majini chini ya mawe, weusi, wembamba, wanaotembea juu ya theluji kana kwamba wamepotea njia. Hawajapotea. Tunutu wao, yaani wachanga wasio na mabawa, hutambaa chini ya maji hadi ukingoni, hupanda jiwe au barafu, na kujichuna ngozi nje ya maji. Kwa mvuvi maana yake ni hii: katika saa za joto la mchana chakula kinasogea kuelekea kingoni, na samaki wengine hukifuata. Kabla hujaingia majini, vua pale utakapokanyaga.

Wa tatu ni Baetis, wadudu wadogo wanaokulia majini, wenye mabawa ya kijivu yanayosimama wima. Hawa hujitokeza siku za mawingu, hata za manyunyu ya theluji, mara nyingi kati ya saa saba na saa tisa mchana. Ukiwaona wakielea na pua za samaki zikivunja uso wa maji taratibu, una nafasi ya kuvua juu ya maji. Inaweza kudumu nusu saa. Usiipoteze kwa kupiga picha.

Basi kisanduku changu kiwe na nzi gani?

Wachache. Ndoana huhesabiwa kinyume, namba kubwa ni ndoana ndogo.

Pupa na lava wa visubi, weusi, wekundu na wa kijivu, namba 18 hadi 22. Tunutu wa Baetis, kahawia iliyoelekea kijani, namba 16 hadi 20. Tunutu mweusi mwembamba wa plekoptera, namba 14 hadi 16. Nzi wawili watatu wa juu ya maji kwa ajili ya ile nusu saa. Na kitu kimoja kikubwa chenye rangi, kwa mfano nzi wa mnyoo au wa yai namba 12 au 14, cha kufunga maji yakianza kuchafuka.

Nzi mkubwa wa kuiga samaki mdogo hufanya kazi pia, mradi umpitishe polepole hadi ujione unachelewa. Lakini sipendi kuanza naye.

Uzi uwe mwembamba kiasi gani, na niongeze uzito?

Maji yaliyopungua na kuwa maangavu yanadai uzi mwembamba mwishoni: 5X, ambao una unene wa takriban milimita 0.15, au 6X wenye 0.13. Florokaboni inazama vizuri kuliko nailoni kwa kuwa ni nzito zaidi. Maji yakiwa na rangi, rudi kwenye uzi mnene bila aibu.

Uzito ndio watu wanaoubania. Ikiwa nzi wako hagusi sakafu mara moja moja, unavua juu ya vichwa vya samaki. Ongeza chubwi moja ndogo, jaribu, ongeza tena. Ikinasa kila mrusho, punguza. Nzi wenye shanga ya tangisteni wanasaidia sana, kwani tangisteni ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo na risasi 11.3, hivyo nzi mdogo anazama bila kuongezewa mzigo. Chubwi za risasi zimekatazwa katika nchi kadhaa. Uingereza ilizuia ukubwa mwingi wa chubwi hizo mwaka 1987 kwa sababu bata-maji walikuwa wakizimeza na kufa kwa sumu.

Nitajuaje kwamba amedona?

Pengine hutahisi kitu. Samaki wa maji baridi hafungui mdomo kwa pupa wala hakimbii na nzi. Kiboya ulichofunga kwenye mshipi kitasita, kitazama upana wa kucha, au kitaelea taratibu kuliko povu lililo jirani yake. Inua fimbo kwa upole kila unaposhuku. Mara nyingi utakuwa umeinua jiwe. Ndiyo ada ya mchezo.

Cha kulinda zaidi ya vyote ni mwendo wa nzi. Mshipi ukivutwa na mkondo wa juu, nzi atapita kwa kasi kuliko maji ya chini, na samaki ataona kitu kisichofaa kufukuzwa. Rusha karibu, inua mshipi mwingi uwezavyo usiguse maji, ufuatishe ncha ya fimbo na mkondo.

Pete za fimbo zinaganda kila wakati. Nifanyeje?

Ichovye fimbo majini kwa sekunde kadhaa; maji yana joto kuliko hewa, barafu italegea. Mafuta ya midomo yakipakwa kidogo kwenye pete huchelewesha kuganda. Usiipige wala kuikwanyua barafu kwa kucha, maana fimbo nyingi zimevunjika ncha kwa namna hiyo. Kuvua kwa mshipi mfupi ulio nje tayari, bila kuuvuta na kuuachia kupitia pete, hupunguza adha yote.

Kwa nini naambiwa nisikanyage changarawe?

Kwa sababu kuna mayai na vifaranga chini yake. Trauti wa kahawia na trauti wa kijito hutaga majira ya vuli, na mayai yao hukaa ndani ya changarawe baridi nzima. Mwishoni mwa baridi yanaanguliwa, na vifaranga hubaki humohumo kwa wiki kadhaa wakila kiini walichozaliwa nacho. Nao trauti wa upinde wa mvua huanza kutaga majira haya hadi machipuko. Kwa hiyo karibu kila kijito cha trauti kina kitu chini ya nyayo zako.

Kiota huonekana kama duara la changarawe safi, lenye rangi nyeupe kuliko sakafu iliyolizunguka, na kituta kidogo upande wa chini wa mkondo. Mara nyingi kiko mkiani mwa kidimbwi, yaani hasa pale mtu anapopenda kuvukia. Kadiri baridi inavyoendelea, mwani unakifunika na alama inapotea. Vukia penye mawe makubwa au mchanga, na vua ukiwa ukingoni unapoweza. Samaki waliosimama juu ya kiota uwaache.

Nimemkamata. Nimrudishe vipi salama?

Asitoke majini. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 0, matamvua na macho yake yanaweza kuganda kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Lowesha mikono, vua glavu za sufu, tumia ndoana isiyo na jino, mtoe nzi akiwa ndani ya kimia kilichozama. Kisha mshikilie akitazama mkondo hadi aondoke mwenyewe. Katika baridi huchukua muda. Picha ya samaki juu ya theluji naiona kuwa ukatili mdogo.

Hatari gani nizijue?

Barafu ya ukingoni kwanza. Maji yakishuka, huachwa ikining'inia bila kitu chini yake, na inaonekana imara hadi inapovunjika ukiwa juu. Usiikanyage, na usivue chini ya ukingo wenye theluji iliyojitokeza.

Ukianguka kwenye maji ya nyuzi 3, dakika ya kwanza ni ya pumzi: mwili unashtuka na kuvuta hewa bila ruhusa yako. Usihangaike kuogelea, weka kichwa juu hadi pumzi itulie. Baada ya hapo una takriban dakika kumi ambazo mikono bado inakutii. Zitumie kutoka. Suruali ya kuingilia majini lazima ifungwe mkanda kiunoni, na maji yasizidi magoti kama uko peke yako. Nyayo za mpira zenye misumari ni bora, maana zile za kitambaa kizito hushika theluji hadi unatembea juu ya mipira miwili. Zaidi ya hayo, kitambaa hicho hubeba mwani na vijidudu kutoka mto mmoja hadi mwingine. New Zealand ilikipiga marufuku mwaka 2008.

Nguo za ndani ziwe za sufu au sintetiki, zisiwe za pamba. Beba seti kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu wa nyumbani ajue uko bonde gani na unarudi saa ngapi.

Shinikizo la hewa na mwezi je?

Tazama kipimajoto.

Naruhusiwa kuvua wakati huu?

Inategemea mto. Sehemu nyingi hufunga vijito vya trauti baridi yote ili kulinda mayai, nyingine huruhusu kuvua na kurudisha tu, na mto mmoja unaweza kuwa na sheria mbili kwenye daraja moja. Soma kanuni za mwaka huu, si za mwaka jana.

Nimevua nusu siku sijadonwa. Nibadilishe nini kwanza?

Kina. Ongeza uzito au shusha nzi chini zaidi kabla ya kugusa kisanduku. Ikishindikana, angalia mwendo wa nzi: je, anavutwa? Kisha badilisha mahali, tafuta maji ya polepole zaidi. Baada ya hapo punguza unene wa uzi. Nzi hubadilishwa mwisho, na ukibadilisha, punguza ukubwa kabla ya kubadilisha rangi.

Hali hii huisha lini?

Usiku unapoacha kuganda kule juu. Theluji huanza kuyeyuka mchana na usiku, kijito kinapanda na kuwa cha rangi ya udongo kwa siku nyingi mfululizo. Hilo huanzia miinuko ya chini kisha hupanda, kwa hiyo kwa wiki chache unaweza kuyakimbia maji machafu kwa kupanda juu bondeni, mahali theluji bado imefungwa. Mto wa chini ya bwawa na ule wa chemchemi huendelea kuvuliwa hata vijito vingine vikiwa tope tupu.